Simu ikiibwa, kinachopotea si simu peke yake

Tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa pili mwaka ule ule, mabenki ya miji hiyo yalifunga milango. Mshahara wa mwalimu, akiba ya mama muuza samaki, pesa ambayo ndugu wa Kinshasa ao wa Ulaya anatuma juu ya chakula ao juu ya hospitali: sehemu kubwa ya hiyo yote ilihamia katika simu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zilikuwa zimezoeleka tangu zamani, maana M-Pesa peke yake iko Kongo tangu 2012. Lakini zamani mtu alikuwa na njia mbili, benki na simu. Siku hizi wengi wanabaki na moja.

Kwa hiyo mwizi anayeingiza vidole katika mfuko wa mtu sokoni Kadutu, ao anayenyakua simu sikioni mwa abiria wa moto kule Birere, hachukui tena kile kitu alichokuwa anachukua miaka 10 iliyopita. Zamani alipata kifaa cha dola 30 na unite kidogo. Leo anaondoka na mlango wa nyumba: pesa ya mwezi, picha za kadi ya uchaguzi, mazungumzo ya familia, majina ya watu wote ambao mwenye simu anawajua, pamoja na namba iliyoandikishwa kwa jina la mtu. Na katika jimbo ambamo watu wanatekwa nyara, jina kwenye namba ni jambo zito.

Hata hivyo, wakaaji wengi wakiibiwa wanafanya mambo matatu tu. Wanaomba simu ya jirani na kuita namba yao. Inalia mara mbili, kisha inazimwa. Wanalaani. Halafu siku mbili ao tatu zinapita wakitafuta pesa ya kununua simu nyingine, na SIM yao iko mkononi mwa mtu wasiyemjua, inafanya kazi vizuri kabisa. Hasara kubwa inaingia katika siku hizo tatu.

Pesa haiko ndani ya simu

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hawajaelewa, hata vijana waliosoma, ni kwamba pesa ya mobile money haikai ndani ya kifaa, na haikai hata ndani ya SIM. Iko katika hesabu ya kampuni, chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Kongo, na imefungwa kwenye namba. Simu ni ufunguo tu. Mtu anaweza kutupa simu ndani ya ziwa Kivu na pesa yake isiguswe hata franka moja. Atarudishiwa namba ile ile kwenye SIM mpya, na salio litakuwa pale pale.

Lakini ufunguo ukiwa kwa mwizi, kazi yake inakuwa moja: kutafuta kode ya siri. Na hapo watu wenyewe wanamsaidia sana. Kode ni 4 tu, na wengi wanaweka mwaka wa kuzaliwa. Mwaka huo mwizi anausoma wapi? Kwenye kadi ya uchaguzi, ambayo mwenyewe ameikunja ndani ya pochi ya simu, nyuma ya kifaa, pamoja na noti ya franka elfu tano ya dharura. Wengine wameandika kode kwenye orodha ya majina, chini ya jina « M-Pesa ». Wengine wameituma kwa SMS kwa mtoto wao siku alipokwenda kuwatoshea pesa, na ile SMS ingali pale.

Mwizi mwenye akili hana haja ya kufungua simu kubwa iliyofungwa kwa alama ya kidole. Anatoa SIM, anaitia katika simu ndogo ya kubonyeza, na namba inaamka. Sasa anaweza kupiga *1122# ao *501# ao *144# kama mwenyewe. Kama kode ni 1987 na kadi ya uchaguzi inasema 1987, kazi imeisha kabla ya jua kuzama.

Iko kinga moja ya zamani ambayo imesahauliwa karibu na wote: kode ya SIM yenyewe. Ni kitu tofauti na kode ya kufungua simu. Simu nyingi za Android zinazotumika hapa zimewekwa katika Kifaransa; mtu anaingia Paramètres, halafu Sécurité, halafu Verrouillage de la carte SIM, na anaweka namba yake (ile ya mwanzo mara nyingi ni 0000 ao 1234, na inafaa kubadilishwa). Tangu hapo, kila mara SIM inapowekwa katika simu nyingine, ao simu inapozimwa na kuwashwa, itadai kode. Mwizi akikosea mara tatu, SIM inajifunga na kudai PUK, namba 8 zilizoandikwa kwenye kile kikadi cha plastiki ambacho SIM ilitoka ndani yake. Wengi wanatupa kikadi hicho siku ile ile wanayonunua SIM. Ni bure, haitaki intaneti, inafanya kazi hata kwenye simu ya dola 10. Ajabu ni kwamba wauzaji wa SIM barabarani karibu hawaielezi kwa mteja hata mara moja.

Saa ya kwanza

Mtu akigundua kwamba simu haiko, swali la kama imepotea ao imeibwa lingoje. Kazi ni ile ile. Aazime simu ya mtu aliye kwenye kampuni ile ile, aite huduma kwa wateja, na aombe mambo mawili kwa pamoja: kubloke namba, na kubloke hesabu ya pesa. Ni mambo mawili, si moja. Kubloke namba peke yake kunazuia kuita na kuitwa. Hesabu ya pesa inafaa itajwe kwa jina lake, na mtu anayejibu aombwe athibitishe kwamba amefunga vyote viwili. Atauliza majina kamili, tarehe ya kuzaliwa, pengine namba za mwisho ambazo zilitumiwa pesa ao salio lilikuwa kiasi gani karibu. Anayekumbuka anasaidika haraka.

Kama mji una duka la kampuni na liko karibu, kwenda kwa miguu ni bora kuliko kungojea mtu ajibu. Kule Shabunda, Walikale ao Fizi, ambako duka liko siku nzima ya safari ao halipo kabisa, simu ya jirani ndiyo njia. Ndiyo sababu namba ya huduma kwa wateja inafaa iwe imeandikwa kwenye karatasi nyumbani, maana wakati wa shida ile iliyokuwa ndani ya simu imekwenda na simu.

Kisha, kabla ya kufikiri juu ya polisi, familia ijulishwe. Hapa watu wanaona haya, ao wanafikiri ni jambo dogo. Si dogo. Mwizi akipata WhatsApp iliyo wazi, ao akiweka SIM katika kifaa kingine na kupokea ile kode ya SMS, anakuwa mwenye simu mbele ya kila ndugu. Mesaji yake inafanana karibu kila mara: « Yaya, niko na shida kidogo, unitumie dola makumi tano, kesho nitakurudishia. » Na inatoka kwa namba sahihi, na picha sahihi. Katika mji wenye vita, ambako mtu kweli anaweza kuwa na shida saa yoyote, nani atakataa? Ndugu wa Kindu ao wa Kalemie anatuma mara moja, na anatuma kwa namba nyingine aliyopewa, « maana hii yangu ina tatizo ». Pesa hiyo haipiti kwenye hesabu iliyofungwa, kwa hiyo kubloke hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kujua mapema, na kuuliza kwa sauti, si kwa maandishi.

Kwa WhatsApp yenyewe, dawa ni kupata SIM mpya yenye namba ile ile na kuingia tena. Programu hiyo inakubali namba moja kwenye simu moja kuu tu. Mwenyewe akiingiza kode mpya ya SMS, mwizi anatupwa nje papo hapo. Kama mwizi amewahi kuweka kode yake ya namba 6 ya uhakikisho wa pili, mwenyewe anaweza kulazimika kungoja siku 7 ndipo aingie, lakini hata hivyo mwizi ameshatoka. Anayetaka kuepuka hizo siku 7 aweke kode hiyo yeye mwenyewe leo: Paramètres, Compte, Vérification en deux étapes.

Kuhusu hesabu ya Google na Facebook, neno la siri libadilishwe kwa simu ya mtu wa kuaminika. Anwani google.com/android/find inafunguka kwenye simu yoyote, na kwa iPhone ni icloud.com/find. Mwenyewe anaingia kwa barua pepe yake na anaweza kufunga simu yake ao kufuta vyote vilivyomo. Watu wanaisifu njia hii kwa sababu inaonyesha simu iko wapi kwenye ramani. Hapa kwetu ile ramani inasaidia kidogo sana, juu ya sababu moja ya kawaida: watu wanafungua intaneti wakati tu wana forfait, na simu isiyo na intaneti mara nyingi haionyeshi mahali ilipo. Faida ya kweli ni amri ya kufunga na kufuta, kwa sababu inangoja. Siku mwizi ao mnunuzi atakapounganisha simu na intaneti, amri inafika.

Na kama ramani inaonyesha kweli nyumba fulani katika kartié fulani? Vijana wawili watatu wanajipanga usiku kwenda kuichukua. Inaeleweka, lakini ramani inaweza kukosea kwa nyumba kadhaa, na silaha ni nyingi. Ni afadhali picha ya ramani ipelekwe kwa anayefuata kesi.

Namba ni ya nani?

Kurudisha namba kungekuwa jambo la nusu saa kama SIM zote zingekuwa na jina la mwenyewe. Hapo ndipo mambo yanaharibika.

Sheria inadai kila namba iandikishwe kwa kitambulisho. Katika maisha, SIM inanunuliwa kwenye mwavuli kando ya barabara, pengine imeshaamshwa, na jina lililo ndani yake ni la muuzaji, ao la mteja aliyepita pale juzi na kuacha kadi yake ipigwe picha. Wanawake wengi wanatumia namba iliyo kwa jina la bwana yao ao la kaka. Vijana waliokuwa hawajatimiza miaka 18 walitumia kadi ya mama. Namba inafanya kazi miaka 8, pesa inaingia na kutoka, hakuna anayeuliza. Siku simu inaibwa, mwenye pesa anafika dukani na kadi yake, na mtumishi anamwambia kwamba namba hii si yake. Kwa kampuni, kweli si yake. Na mtumishi anafanya vizuri kukataa, kwa sababu angekubali, mwizi pia angekuja na kadi yake na kudai namba ya mtu.

Kwa mkimbizi wa ndani shida inaongezeka. Kitambulisho ambacho karibu wote wanatumia Kongo ni kadi ya uchaguzi, na ya mwisho ilitolewa na CENI katika kazi ya kuandikisha iliyoanza mwisho wa 2022 na kuendelea 2023. Rutshuru na Masisi zilikuwa ndani ya vita. Hata uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika kule. Kuna watu kutoka teritwari hizo wanaotembea na kadi ya zamani iliyofutika, ao hawana kitu. Wengine kadi yao iliungua na nyumba. Kisha kambi zilizozunguka Goma zikavunjwa mwanzoni mwa 2025, watu wakahama tena, na mizigo midogo ikapotea njiani. Mtu wa namna hiyo akiibiwa simu, hana kifaa, hana namba, na hana karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ni yeye. Na mashirika mengine yanatuma msaada wa pesa kupitia namba ile ile.

Njia iliyopo ni ya kuzunguka. Komine inatoa karatasi inayoitwa attestation de perte de pièces, inayosema kwamba mtu ametangaza kupotelewa na kitambulisho. Shefu wa kartié ao wa avenue anayemjua anaweza kumshuhudia. Na karatasi hiyo anaenda nayo dukani. Kama namba iko kwa jina la mtu mwingine aliye hai na anayejulikana, mtu huyo aende pamoja naye na kadi yake. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote, na baada ya kupata SIM mpya, siku ile ile, waombe namba ihamishwe kwa jina la anayeitumia. Kama jina ni la muuzaji wa barabarani asiyejulikana tena, namba hiyo ihesabiwe kama iliyokwisha, na pesa iliyomo kuitoa itakuwa vita ya muda mrefu. Ndiyo maana kukagua jina la namba kabla ya shida ni kazi ya dakika chache inayookoa mengi: mtu anaingia dukani na kadi yake, anauliza namba iko kwa jina la nani, basi.

Wauzaji wa unite na wenye kazi ya mobile money wanafaa kufikiri zaidi. Simu yao moja inaweza kubeba pesa ya mtaji ya watu kadhaa. Katika Goma, Bukavu, Bunia na Beni wako waliouawa jioni wakifunga kazi juu ya simu na begi. Mbele ya bunduki, simu inatolewa bila neno. Kubloke kutafanywa baadaye, na salio linaweza kurudi.

Karatasi ya polisi ina kazi gani?

Swali linaulizwa mara nyingi kwa kicheko: nani amewahi kurudishiwa simu na polisi? Ni kicheko cha haki. Mtu anakwenda, anaombwa pesa ya karatasi, pesa ya usafiri wa kwenda kutafuta, na simu haionekani. Katika sehemu ambazo utawala umebadilika, hata kujua ofisi gani inapokea malalamiko ni swali la kila kartié.

Lakini karatasi ya kutangaza wizi haitafutwi ili simu irudi. Inatafutwa juu ya tarehe. Katika mashariki, watekaji nyara wanaita familia kwa simu, na pesa ya kukomboa mtu mara nyingi inapita kwenye mobile money. Namba iliyotumiwa ikifuatwa, jina la kwanza kutokea ni la aliyeandikishwa. Kama mtu huyo aliibiwa simu Jumatatu na hakusema kwa yeyote, na namba ikatumika Ijumaa kuomba dola 2.000 kwa familia fulani, atajitetea namna gani? Atasema aliibiwa, na ataulizwa kwa nini hakubloke. Karatasi yenye tarehe, hata ile ndogo ya shefu wa kartié, pamoja na saa aliyoita kampuni, ndiyo itakayoongea kwa niaba yake. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya kuazimisha SIM ao kuandikisha namba ya mtu mwingine kwa kadi yako kuwe hatari hapa kuliko Kinshasa.

Upande wa sheria hauko mtupu. Kanuni ya adhabu ya Kongo, katika kifungu cha 80, inapanga hadi miaka 5 ya kifungo kwa wizi usio na nguvu wala vitisho. Wa kutumia nguvu unaadhibiwa zaidi. Tangu tarehe 13 Machi 2023 iko pia Kanuni ya mambo ya numeriki, inayogusa kuingia katika data ya mtu bila ruhusa na kudanganya kupitia mitambo. Na anayenunua ao kuficha kitu akijua kwamba ni cha wizi ana kosa lake mwenyewe. Jambo hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Kijana akikamatwa na simu, umati unamaliza hasira juu yake, kwa mawe na petroli, na miji yetu imeona hayo mara nyingi sana. Wa kwanza kushukiwa ni maibobo, mtoto wa barabarani. Lakini maibobo hawezi kutumia simu ya dola 150. Anaiuza jioni ile kwa dola 15 ao 20 kwa mtu mzima mwenye meza, chaja na wateja, na huyo hakuna anayemuuliza kitu. Kuua mtoto hakufungi ile meza.

Ile ahadi ya RAM

Wakaaji hawajasahau RAM. Mwaka 2020, ARPTC, yaani mamlaka inayosimamia mambo ya simu, ilianzisha daftari la vifaa vya simu, na kila mwenye simu akaanza kukatwa unite: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa zile za 3G na 4G. Kati ya sababu zilizotolewa ilikuwa kupiga vita simu bandia na wizi: kila simu ina namba yake ya IMEI, ikiibwa itafungwa kwenye mitandao yote, na mwizi atabaki na kipande cha plastiki. Watu walikatwa. Vijana wa Lucha walipinga, bungeni mbunge Claude Misare alimhoji waziri Augustin Kibassa, na mwanzoni mwa 2022 makato yakasimamishwa.

Wazo lenyewe halikuwa baya, na hilo linafaa kusemwa hata kama pesa iliuma. Ng'ambo ya Tanganyika, Tanzania ilizima simu bandia zote katika mwezi wa sita 2016 kwa kutumia daftari la IMEI, na haikukata kila mwananchi unite kila mara kwa ajili hiyo. Kongo ilianza na makato, na makato yalipokufa, wazo la kulinda simu likafa pamoja nayo katika vichwa vya watu. Mwizi wa Bukavu leo hana hofu kwamba simu itazimwa. Na hata ingezimwa kwenye mitandao ya Kongo, mipaka iko karibu: Gisenyi na Kamembe ni hatua chache, Bujumbura ni safari fupi kutoka Uvira.

IMEI ingali na kazi mbili hata hivyo. Mtu anapiga *#06# na namba 15 zinaonekana. Simu ya SIM mbili ina IMEI mbili. Zimeandikwa pia kwenye karto ya simu. Ya kwanza, zinatiwa ndani ya karatasi ya malalamiko, kwa sababu « Tecno nyeusi » ziko maelfu mjini, lakini IMEI ni moja. Simu ikionekana siku moja katika meza fulani, ndiyo itakayomaliza ubishi.

Ya pili ni kwa anayenunua simu iliyotumika. IMEI ya kwenye kioo ilinganishwe na ya kwenye karto, na muuzaji aonyeshe faktire. Kama hakuna karto wala faktire, na simu inadai hesabu ya Google ya mtu mwingine baada ya kusafishwa, muuzaji akisema « hiyo si kitu, teknisien ataifungua kwa dola 5 », basi mnunuzi ameshajua anachonunua. Simu ya dola 120 inayouzwa dola 35 saa moja ya jioni ina mwenyewe mahali fulani, ambaye pengine saa hiyo anatembea kuomba simu ya jirani.

Na tahadhari moja kwa aliyeibiwa, maana inakuja siku ya pili ao ya tatu. Mtu anaita kwenye namba ya bibi ao ya ndugu, kwa sauti ya upole: simu yenu ameiokota, yuko Sake ao Kavumu, atumiwe dola 10 za moto ailete. Ao anajitambulisha kama mtumishi wa kampuni, anasema hesabu inafunguliwa tena, inabaki tu kumpa kode. Wa kwanza ajibiwe kwamba moto italipwa simu ikifika, mahali penye watu, mchana. Wa pili akatiwe simu. Mtumishi wa kweli wa kampuni hana haja ya kode ya mteja.

Kwa yule ambaye simu yake ingali mfukoni leo, karatasi moja inatosha: IMEI zote mbili, namba ya huduma kwa wateja ya kila kampuni, PUK ya kila SIM, jina ambalo kila namba imeandikishwa, na namba za watu watano wa kujulishwa kwanza. Kode za siri hazina nafasi pale. Karatasi inakaa nyumbani kwa mtu wa kuaminika, nakala moja kwa ndugu wa mji mwingine, na kadi ya uchaguzi inatoka katika pochi ya simu.